AC Yangu Isiyo na Tumbo

Nianze na aibu yenyewe niipunguze: niliwahi kufunga AC ukutani kwangu, hapa Kahama, ambayo ndani haikuwa na kitu. Ganda tupu. Nililitoa Katoro kwa muuza vyuma chakavu, nikalipaka rangi nyeupe, nikalipigilia upande unaotazama kwa jirani.

Huyo jirani ni mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa amefunga ya kwake, nzima, ile ya kugeuza: mchana inatoa baridi, asubuhi za Julai inatoa joto. Mimi roho iliniuma, lakini ningevumilia. Kilichonimaliza ni mke wangu. Kila saa nane anakwenda pale. Mara anarudisha chekeche, mara anaomba chumvi. Nyumba gani inaishiwa chumvi kila siku?

Nikamwita rafiki yangu, fundi wa AC, anipimie nyumba. Aliingia, akatazama juu, akaona bati.

"Dari iko wapi?"

"Dari ya nini? Mimi nataka mashine."

"Kaka, hii mashine inachota joto ndani inalimwaga nje, basi. Hapa kwako litarudi hapo hapo kwa juu. Anza na dari, ziba matundu chini ya bati, weka vioo madirishani. Halafu niivutie waya wake peke yake. Mashine ndiyo ya mwisho."

Shule niliishia kidato cha pili, maelezo marefu yananichosha. Nikaona ananichelewesha. Kesho yake nikapanda basi la Katoro.

Mke wangu alilitazama lile ganda ukutani, akasema, "Hongera, baba watoto." Kisha akachukua chekeche akaenda kwa jirani.

Nilichosahau ni kwamba huku kwetu mtu akipata kitu kipya, watu wanakuja kumpongeza. Jumapili wakaja, yule jirani wa mchele naye akiwemo. Bibi wa nyumba ya pili alikuja na blanketi kabisa.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Washa, mwanangu, nimejiandaa."

Wakakaa. Jasho likaanza. Nikasema inachelewa kushika. Bibi akavua blanketi, akavua na kilemba. Jirani akatoka nje, akachungulia ganda, akarudi ameshika viota viwili vya nyigu.

"Jamani, yake inafuga!"

Walicheka mpaka bati likaitikia. Mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote, tena akiwa ameegemea mlango wangu, nami nikaona sasa nimempoteza kabisa, chumvi na chekeche vitahamia kule moja kwa moja.

Jioni yule fundi alikuja kunisaidia kuling'oa. Nikamweleza yote, hata habari ya chumvi. Akaweka bisibisi chini.

"Wewe bwege kweli. Mkeo alikuwa anakwenda kuhesabu mbao za dari ya jirani. Siku ile nilipotoka kwako alinifuata nje, akaniomba nije kupima yenu, akaniambia nisikuambie kwanza, maana ungesikia dari inakuja ungekimbilia kununua mashine."