Chipu ya Polepole na Mahindi Marefu

Fundi Mawimbi anapuliza moshi wa lehemu, anaweka chuma cha moto pembeni, kisha anahesabu tena. Miguu yote minane ya chipu imeshika. Chipu yenyewe haizidi ukucha wa kidole kidogo.

Ni saa nne asubuhi. Kwenye meza yake, kati ya redio zilizofunguliwa mgongo na kopo la skrubu, kuna vijisanduku viwili vinavyofanana kama mapacha.

"Hiki kinasema haraka," anasema akigusa cha kushoto. "Hiki polepole. Cha haraka ndicho kilichoniaibisha."

Kazi ya kijisanduku ni kukaa juu ya tangi la maji kilimani na kutuma habari kwenye chumba cha pampu, mita 640 chini, ng'ambo ya shamba la mahindi, kwamba maji yamefika wapi. Kwa miaka kumi na tisa kazi hiyo imefanywa kwa miguu. Mhudumu wa pampu, mama wa miaka 61, hupanda mara tatu kwa siku kuchungulia tangini.

Mhudumu huyo ndiye mama mzazi wa fundi.

Miezi minne iliyopita aliteleza, akaumia goti. Kamati ya maji ikatoa kauli: ama kipatikane kifaa, ama atafutwe mhudumu mwingine. Jaribio la mwisho ni Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Fundi hakusoma chuo chochote cha ufundi. Alijifunza kwa kufungua redio mbovu na kusoma karatasi za maelezo ya chipu, ukurasa mmoja kwa wiki. Chipu ya kwanza aliichagua kwa sababu bei yake ni theluthi ya hii ya pili, na alipoijaribu ilifika.

"Nilipima shamba likiwa limetoka kulimwa," anasema. "Nikajisifu. Mahindi yalipopita kichwa cha mtu, kimya. Mbele ya kamati nzima! Mwenyekiti akaniuliza kama imelala."

Baada ya hapo ndipo alipoelewa. Majani yamejaa maji, na maji humeza mawimbi, hasa yale ya masafa ya juu. Chipu ya pili hutumia masafa ya chini na husema taratibu, lakini sauti yake hupenya.

"Sasa haraka ya nini? Namba moja kila dakika kumi. Tangi halijai kwa kufumba na kufumbua."

Saa nane mchana mama yuko kwenye ukingo wa juu wa shamba, karibu na tangi, fimbo mkono mmoja, kijisanduku kimoja mkono mwingine, cha pili mfukoni. Amekataa kazi hiyo apewe mtu mwingine. Fundi yuko chumba cha pampu, simu sikioni, macho kwenye kioo kidogo cha kipokezi.

"Mama, usikiinue. Kishike usawa wa kiuno."

"Nimekishika. Mwanangu, umenifanya nguzo ya simu?"

"Nguzo haiongei, mama."

"Basi tafuta nguzo yenye goti zima!"

Kwa jaribio hili, kila kijisanduku kinatuma ujumbe mia moja mfululizo. Cha haraka kinafikisha 31. Fundi anaandika kwenye daftari. Cha polepole kinafikisha 97.

"Tisini na saba, mama!"

"Kwa hiyo tumemaliza? Nishuke?"

Fundi anatazama mahindi. Jua ni kali, majani ni makavu juu.

"Shuka taratibu. Hatujamaliza. Jumamosi kamati inakuja saa moja asubuhi, na saa hiyo majani yana umande. Safari hii sitapima siku nzuri peke yake."

Mama anaguna kwenye simu. "Umande unalowesha sketi, unajua?"

"Najua."

"Haya. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa hapa juu. Hii pampu simwachii mtu."

Jioni fundi anarudisha kijisanduku mezani. Gundi ya kuziba kifuniko iko tayari, lakini haifungui. Anaweka skrubu nne za kifuniko ndani ya kizibo cha chupa, anafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika juu yake: "Ijumaa, majani yenye umande." Chini yake anaacha nafasi ya namba.