Simu ya Mdai

Fundi cherehani alikuwa mjane, na wanawe walishahama, kila mmoja na shughuli zake. Aliyempigia simu alikuwa mmoja tu: kijana wa kampuni ya mikopo, ambaye kila asubuhi alimdai deni la cherehani. Kijana hakuwa na haya hata kidogo. Alifoka, akatishia, akakohoa, kisha akafoka tena. Fundi naye hakukubali kuonewa.

"Mama yako hakukufunza adabu?"

Walirushiana maneno mpaka chai ikapoa.

Ndipo serikali ikapiga marufuku kuwasumbua wadaiwa kwa simu. Sasa mdai aandike ujumbe tu, tena mara moja kwa mwezi. Majirani wakashangilia: "Mama, umepona!"

Kweli, sheria nzuri, nani ataipinga? Lakini asubuhi iliyofuata fundi alikunywa chai ya moto mpaka tone la mwisho, na kesho yake vilevile. Wiki ilipoisha akapiga yeye.

"Mama, tumekatazwa kuongea na wewe," kijana akanong'ona.

"Mmekatazwa nyinyi. Mimi nani kanikataza? Hicho kikohozi chako, umekitafutia dawa?"