Mwalimu Bhoke na Manju Wawili

Mwalimu Bhoke hakujaliwa kunong'ona. Akimwita mwanafunzi kutoka ofisi ya walimu, wauza nyanya wa mtaa wa Kalangalala nao hugeuka. Alizaliwa Tarime, akapangiwa Geita kufundisha Kiswahili, halafu akabebeshwa pia kazi ya kuwashauri wanafunzi kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Wenzake walidhani kazi yenyewe ni kuwakanya wasichana na kuwatisha wavulana. Bhoke akaigeuza ikawa vita.

Ukimuuliza mtoto wa shule ile anataka kuwa nani, atakujibu daktari, injinia, au mwenye duara, yaani tajiri mwenye shimo lake la dhahabu. Basi. Mpiga picha hayumo, wakati harusi za mji ule kamera zimejaa mpaka bibi harusi haonekani. Mchoraji hayumo, mtunzi hayumo, fundi wa mavazi ya jukwaani hayumo.

"Hivi hao wanaofanya hizo kazi waliota kama uyoga?" Bhoke alikuwa akifoka darasani, na darasa la jirani likawa linacheka.

Alikuwa na lake moyoni. Usichana wake wote alitaka kuigiza michezo ya redioni. Mwalimu wake akamwambia achague, ualimu au uuguzi, hayo mengine ni kucheza. Akachagua ualimu. Mpaka leo akisikia mchezo redioni, humsahihisha mwigizaji kwa sauti, peke yake jikoni, mwiko mkononi, na roho inamuuma.

Kwa hiyo alianzisha klabu ya sanaa, kila Jumatano mchana. Watoto wakajaa. Ndipo Mzee Bujiku, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alipoisikia. Bujiku alikuwa na maduara yake kule machimboni, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio chini ya ardhi.

"Msanii ni mtu aliyekosa kazi akaokota kipaza sauti," alisema mbele ya kikao. "Hizo saa ziwe za fizikia."

Lililomchoma zaidi ni kwamba mtunzi wa nyimbo wa klabu alikuwa binti yake mwenyewe, Violeth wa kidato cha tano. Akampiga marufuku kukanyaga huko. Mkuu wa shule, mtu wa amani mpaka inaudhi, akakata shauri hivi: Bhoke aandae siku moja, awalete watu wanaokula kwa ubunifu wao, wazazi waje wajionee. Mwenyekiti akiridhika, klabu itabaki. Asiporidhika, itakufa.

Bhoke akajifunga kibwebwe. Akampata Gregory, mpiga picha wa harusi mwenye studio pale mjini. Akataka na manju, maana huyo ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma za Kisukuma, na hapo ni Usukumani, mcheza kwao hutunzwa. Akampigia Mzee Masalu wa Runzewe, simu haipatikani. Akampigia Mzee Maige wa Maganzo, akakubali papo hapo. Kesho yake Masalu akapiga mwenyewe. Sasa utamwambiaje mzee wa watu kwamba nafasi imejaa?

"Karibu sana, Mzee," Bhoke akasema. "Na Mzee Maige wa Maganzo naye atakuwepo."

"Maige yupo?"

"Yupo, Mzee."

"Basi na mimi nipo. Nakuja na watu wangu."

Bhoke akafikiri ni mkewe na wajukuu. Akaongeza soda. Na kwa kuwa alitaka kuwashtukiza wenzake, hakumwambia mtu majina ya wageni.

Jamani! Hapo palihitajika Msukuma mmoja tu wa kumfinya. Maige ni wa Bagika, Masalu ni wa Bagalu, na hayo ni makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu mababu. Yakikutana uwanja mmoja, kila moja hushika upande wake, ngoma zinaanza kwa pamoja, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, kwisha. Bhoke yeye alikuwa amewaandalia meza moja, kitambaa cheupe, maji ya chupa, na maua ya plastiki katikati.

Siku ikafika. Wazazi wamekaa kando ya uwanja wa mpira, Bujiku mbele kabisa amekunja mikono, Gregory ameshika kipaza sauti anaeleza habari za mwanga. Lango la juu likaingia basi la Coaster limejaa watu wa Maganzo, njuga miguuni, juu ya keria limefungwa sanamu la mbao lenye kichwa cha kutingishika. Kabla vumbi halijatua, lango la chini likaingia lori la Fuso kutoka Runzewe, ngoma zikilia ndani yake. Walimu Wasukuma wakatazamana. Mmoja akashika kichwa.

Bhoke akawapokea wazee kwa shikamoo mbili, akawaonyesha meza. Maige akaitazama meza, akamtazama Masalu, akayatazama yale maua.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hapa amefariki nani?"

Masalu aligeuka, akaelekea goli la chini. Maige naye akaelekea la juu. Bhoke akabaki amesimama na meza yake. Hapo ndipo alipojua kwamba ameyakanyaga.

Ngoma zikapasuka pande zote mbili. Wanafunzi walikaa kwa adabu muda wa kumeza mate tu, kisha mistari yote ikavunjika. Wakakimbilia juu kuliona sanamu, wakasikia kelele za chini, wakarudi mbio, wakagongana katikati. Gregory akakitupa kipaza sauti, akanyakua kamera, na wanachama wa klabu wakamfuata bila kuambiwa: huyu kashika kamera ya pili, yule anachora mavazi, wengine wamemzunguka mpiga ngoma wanamuuliza ngozi inawambwaje. Wapishi wakauacha wali ukiungua. Bhoke hakuona hata moja la maana katika hayo. Alikuwa anamtafuta mkuu wa shule amwombe radhi, akamkuta upande wa Bagika, tai begani, anawavuta kidato cha sita kwa mikono.

"Njooni huku! Huku ndiko kwenye ngoma!" Mtu wa amani huyo.

Na Bujiku? Bujiku alikaa imara. Lakini marehemu baba yake alikuwa mpiga ngoma wa Bagalu, na damu si maji. Lile sanamu la Maige lilipoanza kutingisha kichwa kama mzee anayesinzia kanisani, uwanja wote ukamiminikia juu, na Masalu akabaki na watu wachache, wengi wao dereva wa Fuso na jamaa zake. Bujiku akavua koti. Akasimama. Akamjia Bhoke mbio.

"Violeth yuko wapi?"

"Yuko maabara, Mwenyekiti. Si ulimkataza?"

"Mwite! Mwite akaimbe, Bagalu tunaaibika!"

Bhoke alikuwa mwoga wa nyoka tu, watu hawakuwahi kumtisha. Akaiona nafasi yake, akaikalia.

"Siwezi, Baba Violeth. Huyo ni mtoto wa fizikia. Wanaoimba ni watoto wa klabu, na klabu leo inakufa."

"Nani kasema inakufa?"

"Wewe."

Kwa sauti ya Bhoke, jambo hilo lilisikika mpaka kwenye kundi la Maige. Watu wakaanza kugeuka. Bujiku akatazama juu, akatazama chini, jasho linamtoka.

"Bhebhe, wewe mwalimu, unanikaba!" akanguruma. "Haya, ibaki! Nimesema ibaki, wote mmesikia! Mlete mtoto!"

Violeth akaja na koti jeupe la maabara. Masalu akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akauliza kama ni damu ya Bagalu, akaambiwa ndiyo, akampisha. Bhoke akasogea karibu, maana manju wakishindana hutungiana nyimbo za kukejeliana, na mtoto yule alikuwa na ulimi.

Akaimba kwa Kisukuma. Mwanzo wapishi ndio waliosogea, miiko mikononi, wakicheka na kumnyooshea Bujiku vidole. Kisha wanafunzi. Kisha wazazi, na nyuma yao hata mkuu wa shule, ingawa alijifanya anawafuata wanafunzi. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kikaisha. Bhoke akamshika mpishi mmoja mkono.

"Anasema nini?"

Mpishi akajifuta macho kwa kanga, akamtafsiria:

"Baba kashuka shimoni, taa kichwani,
anatafuta kinachong'aa.
Mimi nimekaa mlangoni naimba.
Baba, panda juu, unisikie."

Uwanja mzima ulikuwa umehamia upande wa Masalu. Maige mwenyewe akawanyamazisha wapiga ngoma wake asikilize, jambo ambalo watu wa Maganzo wanasema hajawahi kulifanya kwa Mgalu yeyote. Bagalu wakashangilia ushindi. Wakamtafuta Bujiku wambebe juu, wasimwone. Alikuwa amekwenda kukaa kwenye ile meza yenye kitambaa cheupe, peke yake, koti mapajani, anayatazama maua ya plastiki kana kwamba yameandikwa kitu.

Bhoke akamfuata. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumsimanga, matamu kabisa. Alipomwona uso, yote yakamtoka.

"Mwalimu," Bujiku akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na aliye karibu. "Huwa anaimba hivyo kila Jumatano?"

"Kila Jumatano."

"Na mzazi anaruhusiwa? Akakaa huko nyuma tu, akasikiliza?"

Bhoke akavuta kiti, akaketi. Kisha akafanya jambo ambalo Kalangalala nzima isingeliamini. Akanong'ona.

"Anaruhusiwa, Baba Violeth. Tunaanza saa tisa."