Nilitoa boksi la mapambo ya Krismasi kwa jogoo mmoja, nilichokikuta shambani Mngeta kimeniacha mdomo wazi

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba.

Hii sikuhadithiwa. Imenikuta mwenyewe hapa Ifakara na mpaka sasa sijakaa sawa.

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na mbili, mzee wangu alifariki, nikaacha shule darasa la tatu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga wa watu kule Kiberege. Unapiga debe na kupiga kelele toka jua linachomoza mpaka linazama. Ukisinzia, ndege wanakula shamba na wewe unalala njaa.

Kwa hiyo msomi asinifundishe maisha humu.

Tuje kwenye mada.

Nina gesti. Stoo yake ilikuwa na boksi kubwa la mapambo ya Krismasi ya zamani: miti ya plastiki iliyonyonyoka, zile kamba za kung'aa, mipira, taa zilizokufa. Panya wamefungua wodi ya wazazi humo. Baada ya Pasaka nikasema haya yatoke.

Akapita Mama Kulwa, Msukuma anayelima mpunga Mngeta, huwa ananiletea kuku wa wageni.

"Mzee, hilo boksi unatupa? Nipe mimi."

Nikamuuliza anasherehekea Krismasi gani mwezi huu. Akacheka tu. Akaniachia jogoo, akafunga boksi kwenye bodaboda, akaondoka.

Nikajiona mjanja. Takataka zimetoka, mchuzi umeingia.

Jogoo nikamla.

Wiki hiyo hiyo akapiga simu binti yangu Anastazia, anafanya kazi kwenye miwa Kidatu. Kasikia nimesafisha stoo. Akauliza swali moja tu: "Baba, nyota ya mama umeiweka wapi?"

Wakuu, nyota ilikuwa ndani ya lile boksi.

Marehemu mke wangu aliikata ile nyota kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, Krismasi yetu ya kwanza, tumepanga chumba kimoja, hata kitanda hatuna. Kila mwaka aliiweka juu ya pango la Mtoto Yesu mpaka Mungu alipomchukua. Kitu kingine cha mkono wake hakijabaki. Na mimi sikufungua hata boksi kuangalia!

Nikamwambia ukweli. Akakata simu. Nikipiga, hapokei.

Asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Mngeta. Na umri huu, mgongo wangu naujua mimi.

Nilipofika nikasimama kama nguzo.

Mpunga umeshika maziwa, punje bado changa, na katikati ya shamba ni Krismasi! Kamba zinang'aa kila upande, mipira inaning'inia, miti ya plastiki imesimama kwenye tope. Na juu ya mlingoti mrefu kuliko yote, nyota ya mke wangu.

"Shikamoo mzee. Umefuata jogoo wa pili?"

"Marahaba. Nimefuata nyota." Nikamweleza ni ya nani.

Utani ukamwisha. "Basi ni haki yako. Ila kaa kidogo uone."

Kwelea kwelea wakaja, wingu zima. Shamba la jirani wakatua kama wamealikwa. La Mama Kulwa wakaanza kushuka, upepo ukageuza nyota, jua likaipiga, mwanga ukawachapa macho.

Wingu lote likageuka!

Mimi niliyepiga debe utoto mzima sijawahi kuona kitu hicho. Mapambo ya dukani yanapepea tu, kazi inafanywa na bati la mafuta.

"Ukiishusha sikulaumu," Mama Kulwa akasema. "Ila watoto wangu wanakula hapa."

Nikampigia Anastazia video call kwa simu ya huyo mama. Akapokea. Nikamwonyesha nyota, nikamwonyesha ndege. Nikamuuliza, niishushe?

Akaniambia niielekeze simu kwenye nyota tena.

"Mwache mama afanye kazi, baba. Wakishavuna atarudi nyumbani."

Nilirudi Ifakara mikono mitupu, nalia juu ya pikipiki mzee mzima.

Nilichojifunza: usitoe boksi hujalifungua. Na mtu akikuomba takataka zako, muulize anaenda kuzifanyia nini.

Nyie mngeishusha? Semeni, ila matusi sitaki.

Mali zangu leo ni hizi: gesti, mashine ya kukoboa mpunga, power tiller ya kulimia, nyumba mbili, ng'ombe sita. Na nyota moja ya bati, kwa sasa ipo kazini Mngeta.