Muwasho wa Watasema

Juzi nilimpeleka mbwa wetu kwa daktari wa mifugo hapa mjini Morogoro. Daktari alimlaza chali, akamtazama kwapani, akampanua vidole vya miguu, akanusa masikio yake, kisha akatamka neno moja tu: mzio. Tukaondoka na shampuu na vidonge na maelekezo marefu. Tubadilishe chakula. Tumwogeshe kwa maji ya baridi na tumkaushe mpaka ndani ya makunyanzi. Tufue matandiko yake, tupambane na viroboto hata kama hatuwaoni.

Binti yangu akamuuliza, "Atapona?"

"Atatulia," daktari akasema. "Kupona ni neno jingine."

Binti yangu hakuridhika, na njia nzima kurudi Mwembesongo aliniandama kwa maswali. Sikumjibu vizuri. Nisamehe nikikurudisha mbali, rafiki yangu, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwishapanda mlima hadi Kinole, kwa bibi yangu aliyenilea, kwenye nyumba iliyonukia mdalasini mbichi na moshi wa kuni, ambako maneno kama hayo tuliyatafuta tusiyapate.

Mama yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko bondeni, hivyo sehemu kubwa ya utoto wangu niliipitisha kwa mama yake. Bibi alikuwa mjane, mtu wa swala tano, mwembamba, mwenye miguu ya kupanda milima. Asubuhi kabla ya shule nilichota maji mtoni, nikafagia uwanja. Nikirudi tulianika karafuu kwenye mkeka na kuchambua pilipili manga mpaka vidole vikawaka. Jioni alipika ndizi mbichi kwa nazi, nami nilikaa karibu na mafiga nikisubiri aseme, "Mume wangu, karibu mezani," ingawa meza hatukuwa nayo. Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume.

Tatizo letu lilikuwa shamba. Lilikuwa juu, karibu na msitu, na nguruwe pori na ngedere walilijua kuliko sisi. Msimu mmoja walifyeka mahindi yote yakiwa mabichi, tukala ndizi na mihogo mpaka mavuno mengine. Ndipo bibi akaleta mbwa. Majirani walishangaa. Mjane, mtu wa dini, anafuga mbwa uani! Bibi alisikia minong'ono hiyo kisimani, akarudi nyumbani na ndoo kichwani, akamtazama yule mtoto wa mbwa mwekundu aliyekuwa akitafuna kamba. "Watasema," akanena. "Basi na aitwe hivyo hivyo."

Watasema alikua akawa mbwa hasa. Alilala nje upenuni, alikuwa na sufuria yake kuukuu, na mlango wa nyumba hakuuvuka hata siku moja. Bibi hakumgusa. Alimwekea chakula, akasogea, akamwita, akamsemesha kwa mbali kama unavyosemesha mgeni aliye ng'ambo ya mto. Mimi ndiye niliyecheza naye, na kila nilipotaka kuingia ndani alinisimamisha uani na kunimiminia maji na udongo mikononi, kama dini ilivyomfundisha. Mahindi yetu yalikomaa msimu ule. Ngedere walikaa kwenye miti yao wakitutukana.

Muwasho ulianza nikiwa darasa la nne, mvua za vuli zilipoanza. Kwanza alikuwa akitafuna nyayo zake tu, taratibu, kama mtu anayefikiri. Kisha akaanza kujikuna mbavu na masikio. Mguu wake wa nyuma ukawa unagonga ubao wa mlango, go go go, huku sisi ndani tunakula, na bibi akawa anaacha tonge njiani kusikiliza. Haikuchukua muda, tumbo likawa jekundu, kwapani manyoya yakaisha, na ngozi ikawa nyeusi na nene kama ya kiatu.

Tulifanya kila tulichokijua. Tulimwogesha, bibi akimimina kwa mbali na mimi nikisugua, kwa sabuni ya mche na maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini ambayo mama alituletea kutoka bondeni. Tulimpaka mafuta ya nazi. Tulichoma magunia aliyolalia, tukampa mengine, tukanyunyiza majivu chini yake kufukuza viroboto. Kila dawa ilitupa siku chache za matumaini. Niliporudi shuleni nilimtazama kwanza yeye kabla ya kumwamkia bibi, na kwa jinsi bibi alivyokaa kizingitini niliweza kujua kama leo ni afadhali au la.

Jirani yetu, mzee mwenye shamba la karafuu lililopakana na letu, alikuja na kopo la oili chafu ya pikipiki. "Dada, hii ndiyo dawa ya mbwa," alisema kwa uhakika, akampaka mwenyewe kutoka shingoni hadi mkiani. Watasema akajilamba. Kesho yake alitapika, na mgongo ukachubuka vibaya. Tulishinda tunamsafisha kwa maji na sabuni, naye anatetemeka. Jirani alisimama uani na kofia mkononi. "Mimi nilitaka kusaidia tu," alisema. "Najua," bibi akajibu. Akaendelea kumimina maji.

Mwalimu wetu wa sayansi naye nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo walimu hawakulifanya sana, akashauri tumwondolee kitu kimoja kwenye chakula tuone. Watasema alikuwa akila ugali wa pumba na vichwa vya dagaa, hivyo tukaacha dagaa. Na kweli, alitulia! Manyoya yakaanza kurudi tumboni, laini kama ya kifaranga. Bibi aliwaambia watu kisimani kwamba adui alikuwa dagaa, na kwa wiki kadhaa nilijiona kama daktari. Kisha mvua zikarudi, na muwasho ukarudi nazo. Hatukujua kama dagaa walikuwa wamesingiziwa, au kama walikuwa na wenzao.

Bwana mifugo alikuja Kinole kwa pikipiki kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nilimfunga Watasema kamba nikampeleka uwanja wa shule, bibi akifuata nyuma. Bwana mifugo alikuwa kijana mpole mwenye matope hadi magotini.

"Shikamoo mama," alimwamkia bibi, kisha akachuchumaa, akamkagua mbwa kwa muda mrefu. "Huu si upele wa kuambukiza. Mwili wake unakataa kitu."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Inaweza kuwa chakula. Inaweza kuwa kiroboto mmoja tu, akimuuma mwili mzima unawaka. Inaweza kuwa majani, vumbi, ukungu huu wenu."

Bibi akageuka akatazama mlima. Majani yalikuwa kila mahali. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la shule.

"Sasa hivyo vyote nitamwondolea vipi?" aliuliza.

Bwana mifugo akafungua mkoba wake. Alimdunga sindano, akatueleza tumwogeshe maji ya baridi na si ya moto, tumkaushe, alale pakavu. Alituonya kwamba sindano ile haitolewi mara kwa mara, maana inatuliza ngozi huku inachosha mwili. Baada ya sindano Watasema alilala kutwa nzima bila kujikuna. Nilikaa karibu naye nikimwangalia anavyopumua. Bibi alipika pilau ingawa haikuwa sikukuu. Mwezi haukuisha, ubao wa mlango ukaanza kugongwa tena.

Kisha mjukuu wa jirani akapata mapunye kichwani, nywele zikamtoka mabaka mabaka. Jirani alikuja alasiri, hakuketi.

"Dada, mbwa huyu anatuambukizia watoto. Nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji. Wanataka aondolewe, la sivyo mgambo watakuja."

"Ugonjwa wake hauambukizi."

"Nani kasema?"

"Bwana mifugo."

"Bwana mifugo haishi hapa," jirani akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, kama sisi.

Bibi akasema, "Nitampandisha shambani. Hatawaona, nanyi hamtamwona."

Ndivyo tulivyohamia dunguni. Dungu letu lilikuwa kibanda kidogo juu ya nguzo, pa kulindia mahindi, na chini yake tulimtandikia Watasema majani makavu ya migomba. Bibi alishinda huko, nami nilipanda kila nikitoka shule, na chakula kwenye kikapu. Muwasho ulikuwa umemzidi nguvu. Alijikuna mpaka akalia, akalia huku anaendelea kujikuna, kama vile mguu haukuwa wake. Alikuwa akitutazama. Hilo ndilo lililonishinda kuliko yote: kwamba alitutazama sisi, akiamini tunacho kitu tunachomficha.

Siku moja nilifika na mvua ikaanza kunyesha. Bibi alikuwa ameketi chini, kwenye majani, si juu dunguni. Mkono wake mtupu ulikuwa umeushika mguu wa nyuma wa Watasema. Hakuwa amejifunga kanga mkononi wala hakuwa na kitambaa. Mbwa aliuvuta mguu, bibi akaushika. Akauvuta tena, bibi akaushika, mpaka ule mguu ukalegea na kichwa cha mbwa kikashuka mapajani mwake. Nilisimama na kikapu changu nisijue pa kukiweka.

"Usiniangalie hivyo, mume wangu," alisema. "Udongo upo, na maji Mungu anayamwaga. Nitanawa."

Tangu siku hiyo tulipokezana. Yeye akichoka nashika mimi. Haikuwa dawa. Ilikuwa tu kwamba dawa zilikuwa zimeisha na mikono ilikuwa imebaki.

Masika yaliyofuata yalikuwa makubwa. Kidonda cha mbavuni kikashindwa kukauka, inzi wakatua, na baadaye tukaona funza. Tuliwatoa mmoja mmoja kwa kijiti, tukaosha kwa maji ya chumvi. Bibi alinituma kwa mwalimu, aliyekuwa na simu, tumpigie bwana mifugo. Tulipanda kilimani kutafuta mtandao, mwalimu akashikilia mwavuli, mimi nikazungumza. Sauti ya bwana mifugo ilikatikakatika. Alisema barabara imeporomoka, hata pikipiki haipiti, nimwambie bibi aendelee kusafisha na amfunike. Aliuliza kama mbwa anakula. Nikamwambia hapana. Akasema, "Pole, mdogo wangu."

Watasema alikufa alasiri, mvua ikiwa imepungua na ngedere wakianza kuitana msituni. Hakujikuna siku ile hata kidogo. Mimi, mtoto, niliiona hali hiyo nikafurahi, nikamwambia bibi kwamba ametulia. Bibi alinitazama tu, akaniwekea mkono kichwani, mkono ule ule, bila kunawa.

Sisi wawili hatukuwa na nguvu za kuchimba kwenye udongo ule uliolowa. Bibi alishuka kwenda kumtafuta mtu, lakini hakufika mbali. Jirani alikuwa anapanda na jembe begani. Alisema alikuwa kwenye karafuu zake na hakuwa amesikia sauti ya mbwa tangu asubuhi. Alichimba pembeni mwa shamba, akachimba chini sana ili fisi wasimfukue, na alipomaliza alikaa juu ya jiwe akifuta matope kwenye jembe kwa jani la mgomba.

"Yule mtoto wako amepona kichwa?" bibi alimuuliza.

"Amepona. Walimpa dawa zahanati. Mama yake naye alikuwa nayo, na dada yake, wala hawakuwahi kumkaribia mbwa." Akalitupa lile jani. "Dada, sikujua."

"Hakuna aliyejua," bibi akasema, akainuka kwenda kutafuta maji ya kunawa, maana wakati wa swala ya alasiri ulikuwa unapita.

Hatukufuga mbwa mwingine. Mwaka uliofuata mama alinichukua nikasomee bondeni, na bibi aliliacha lile shamba la juu, kwanza nusu, kisha lote. Amekwishatangulia siku nyingi. Jirani naye. Nyumba iliuzwa kwa watu wema ambao wameweka bati jipya na mlango wa chuma. Watoto wa Kinole siku hizi hawalali dunguni, na nilipowauliza wachache kama wanajua dungu ni nini, mmoja alidhani ni tunda.

Nilipanda huko baada ya mavuno ya mwaka jana. Pale pembeni mwa shamba, tulipomzika Watasema, pamepandwa mananasi, mistari iliyonyooka vizuri, hakuna jiwe wala alama. Kijana aliyekuwa akivuna alikuwa yule mjukuu wa jirani, mtu mzima sasa, mwenye nywele nyingi kichwani. Aliniamkia kwa heshima. Hakunifahamu, wala sikujitambulisha kwa urefu. Alichagua nanasi lililoiva kuliko yote, akalimenya kwa panga, akanikatia kipande kinene, akasema pembe hii ya shamba ndiyo inayozaa vizuri, hajui kwa nini.

Nilikaa chini nikala. Lilikuwa tamu sana, maji yakanitiririka hadi kiwikoni, na alipouliza kama anikatie kingine nikanyoosha mkono.