Majina ya Ubao wa Kiwandani

Sitawaficha, hii ni aibu nimeibeba tangu miaka ile ya tisini nikiwa mwanafunzi kule Juja, na mkitaka kucheka, chekeni. Mwalimu wangu alinituma Ruiru, kwa kile kiwanda cha zamani cha kahawa kando ya mto, kile kilichopakwa rangi kikageuzwa soko na bustani, niwaulize watu kama wanapapenda. Fomu arobaini. Bila hizo simalizi kozi.

Sasa mvua ikanyesha, na matope ya huko mnayajua (yanakula kiatu na soksi), nami nikajiambia, ala, si nijaze mwenyewe tu? Nikaketi kibandani na chai na mandazi, nikajaza: "Nimeridhika sana." "Choo ni safi." Kufikia fomu ya kumi majina ya kutunga yalikuwa yameniishia, nikainua macho nikaona ukutani mwa kiwanda ubao wa majina, maandishi ya juu yamefunikwa na picha kubwa ya soda. Nikadhani ni wenye vibanda. Nikanakili yote.

Mwalimu alifurahi hadi akaniita nisome mbele ya baraza, pale pale sokoni, chifu ameketi mbele. Nikakohoa kidogo kama mtu mkubwa. "Kariuki Mbugua anasema huja hapa kila Jumapili, anapenda sana upepo wa mto."

Hata wauza ndizi waligeuka kunitazama. Cucu mmoja, bibi wa makamo ya nyanya yangu, akasimama polepole, ameshika kitambaa chake cha kichwa.

"Umesema nani?"

Nikarudia, mjinga mimi, tena kwa sauti.

"Huyo ni bwanangu. Boila ya hiki kiwanda ililipuka ikamuua, yeye na hao wenzake wa kwa ubao. Sasa wewe kijana, kama anakuja kila Jumapili, mbona hapiti nyumbani?"

Ngai, Mungu wangu! Fomu zikaniponyoka zikaanguka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwalimu aliinama akaziokota moja moja, akanipa kalamu na fomu tupu, akasema tu, "Anza upya. Anza na mama."

Nikamuuliza, machozi yananitoka mbele ya watu wote, kama ameridhika na mahali hapa.

"Andika," akasema, "mtoe hiyo soda juu ya watu wetu."

Niliandika. Kisha nikawafuata wengine thelathini na tisa kwenye matope, na hadi leo siandiki jina la mtu kabla hajanipa mkono.