Mguu Niliotaka Kuzikwa Nao

Kabla ya ugonjwa huu nilikuwa mtu wa kutembea. Kihamba chetu, shamba la ukoo, kiko Mwika, kahawa chini ya migomba, na baba alitulea tukijua kwamba kihambani mtu haingii na viatu, kwa sababu wazee wetu wamelala humo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kazi ya kupima kahawa ghalani hadi nikastaafu, na miaka yote hiyo nikifika nyumbani naacha viatu mlangoni. Wayo wangu ulikuwa mgumu kama gome la mti.

Doa lilitokea chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Mke wangu ndiye aliyeliona, nikiwa nimekaa nasugua miguu.

"Baba Manka, hilo nini? Mbona jeusi hivyo?"

"Utomvu wa mgomba."

"Utomvu gani hautoki mwaka mzima?"

Nilimwambia asinichunguze kama mbuzi wa mnadani. Kila mtu huku anajua utomvu wa mgomba unavyong'ang'ania ngozi na nguo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Doa likapanuka, kingo zake zikapinda kama ramani, katikati likavimba. Jumapili moja nikavua soksi baada ya ibada nikakuta damu. Nikachukua mrututu, ile dawa ya buluu tunayopulizia kahawa, nikalichoma. Lilikauka, likanyamaza, kisha likarudi kubwa kuliko mwanzo.

Ndipo Manka, binti yangu anayeishi Soweto, mjini Moshi, akanipeleka kliniki ya ngozi. Kwenye benchi nilikaa karibu na Athumani, fundi cherehani wa mtaa wa Njoro, hapo hapo mjini, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Naye alikuwa na doa wayoni, mguu wa kulia kama mimi. Alidhani ni pedeli ya cherehani.

"Shikamoo mzee wangu. Wewe umeletwa na nini?"

"Marahaba. Mgomba."

"Basi wewe mguu wa mgomba, mimi mguu wa cherehani. Wakitukata, watuunganishe tupate mtu mmoja mzima."

Tulicheka mpaka muuguzi akatutazama. Walitukata kipande kidogo kila mmoja, vikapelekwa maabara. Majibu yetu yalitoka siku moja.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, lakini hakuzunguka. "Mzee, hii ni saratani ya ngozi, inaitwa melanoma. Inaanza kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Sisi watu weusi hutupata sana nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Tukate kidole na nyama ya pembeni sasa, kabla haijapanda."

Niliposikia neno kukata sikusikia tena kitu. Nilimwona baba yangu amelala kihambani na miguu yake yote miwili. Nikatoka nje. Athumani alikuwa ameshatoka chumbani, anahesabu kwa sauti atakaa muda gani bila kushona. Yeye alikuwa amekubali.

Nikamwambia, "Wakianza na kidole watamalizia paja. Mimi naenda nyumbani. Nitazikwa na mguu wangu."

Akaacha kuhesabu. "Kweli, mzee wangu? Wewe umesoma."

"Kweli."

Akaacha kurudi kwa daktari, tukaondoka pamoja. Aliandika namba yake kwenye simu yangu, akaniaga kwa mikono miwili.

Nyumbani nilirudia mrututu. Kidonda kikawa kinatoa maji na harufu, nikawa nakifunga kwa kitambaa na kukaa peke yangu nyuma ya nyumba. Manka alipokuja kututembelea alisimama mlangoni, hata hakunisalimia. "Baba, hiyo harufu ni yako?" Akapiga magoti, akafungua kitambaa, akalia. Kisha akasema, "Unataka kuzikwa na mguu mzima. Sawa. Lakini mimi sitaki kukuzika."

Nilirudi kliniki. Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Walikata kidole gumba na kinachofuata, na sehemu ya wayo, wakaziba kwa ngozi ya paja. Walitoa pia tezi moja kinenani kuipima, nayo ikaonekana safi. Mke wangu aliniletea mtori wa ndizi na nyama wodini. Nikapona taratibu, nikajifunza kukanyaga kwa kisigino na fimbo.

Sasa niseme neno ambalo limenikalia kifuani. Muda wote huo sikumpigia Athumani. Namba ilikuwepo. Nilifungua simu, nikaliona jina lake, nikaifunga. Niliona haya kumwambia kwamba yule mzee aliyesoma amekatwa.

Tulikutana siku ya marudio. Alikuwa amerudi mwenyewe, amechelewa, mtoki mkubwa umejaa kinenani, shati linampwaya. Aliutazama mguu wangu, kisha uso wangu.

"Kumbe umenitangulia," akasema.

"Nisamehe, fundi."

Alitoa utepe wake wa kupimia mfukoni, akainama kwa shida, akanipima kiuno na miguu pale pale kwenye foleni. "Nitakushonea suruali. Mguu wa kulia nitaushusha kidogo, ufunike hapo palipokatwa. Watu wasikushangae."

Nililetewa suruali na mke wake, baada ya mazishi.

Miaka imepita. Nimepimwa mara nyingi, sina ugonjwa. Namshukuru Mungu, na Manka, na yule daktari. Lakini kidole kisichokuwepo bado kinaniwasha, na nikipita Njoro nikasikia cherehani, nasimama nisijue niende wapi.

Wewe unayesoma, keti penye mwanga utazame nyayo zako, viganja na kucha. Usipoweza kuona, mwombe mwenzako. Doa linalokua, linalobadilika au kutoa damu, usilipachike jina wewe mwenyewe, na usilichome. Lipeleke kliniki ya ngozi mapema. Wakikuambia wakate, uliza maswali yako yote, lakini usiondoke. Na kama umeshaondoka, rudi leo, na umpigie uliyeondoka naye.

Ile suruali naivaa siku za kliniki tu. Huwa nafika mapema, nakaa kwenye benchi letu, na nikimwona mtu anatoka kwa daktari anaangalia geti, nakunja mguu wa kulia wa suruali, ule alioushusha Athumani, mpaka juu. Navua kiatu. Kisha namwambia, "Shika hapa, usiogope. Kaa kwanza tuongee."